Safu ya Mbele

Naanza kwa kusahihisha. Kwenye baraza za Kanyenye husemwa, na watu ambao wangeweza kuvuka barabara wakaniuliza mwenyewe, kwamba tangu nistaafu nimeingiwa na kiburi, na ndiyo maana nilikuwa sionekani msikitini siku ya Ijumaa. Husemwa pia kwamba nimegombana na imamu. Na lipo la tatu, ambalo mke wangu alilisikia sokoni akalileta nyumbani pamoja na nyanya: kwamba nimepandwa na jini lililonifuata kutoka Usoke, enzi zile nilipokuwa nikikagua mizani ya wanunuzi wa tumbaku.

Yote matatu si kweli. Kiburi sina zaidi ya kile alichonacho mtu yeyote aliyetumikia serikali hadi mwisho bila kuandikiwa barua ya onyo. Na imamu sina ugomvi naye. Ni mtu wa adabu, na hotuba zake ni fupi kuliko za mtangulizi wake. Kuhusu jini, naomba niachwe. Nilifika Usoke kwa kazi, nikaondoka Usoke kwa gari la idara, na sikumbuki kumpa mtu lifti.

Ukweli ni mmoja, na nimechelewa kuusema kwa sababu kwa muda mrefu sikuujua kwa jina. Nilikuwa naogopa safu ya mbele.

Kwa asiyelelewa katika mji wetu itanibidi nieleze. Mtu mzima anapoingia msikitini hapa Tabora hachagui pa kukaa. Vijana humwinukia, mikono humpokea begani na kiwikoni, na neno ni lile lile: "Mzee, pita mbele." Njia hufunguka katikati ya watu, unapitishwa hadi karibu na mihrabu, unakaa, na njia hujifunga nyuma yako. Kurudi hakuna. Kuruka mabega ya watu wakati imamu anahutubu ni makosa. Kupita mbele ya anayesali ni makosa. Hata kumnong'oneza jirani kwamba unajisikia vibaya ni makosa, kwa kuwa wakati wa hotuba hakuna ruhusa ya kusema. Nilipokuwa kazini sikuyajua haya, maana Ijumaa nyingi zilinikuta safarini, na hata nilipokuwapo mjini nilikuwa bado mtu wa safu za katikati. Kustaafu kulinipandisha cheo ambacho sikukiomba.

Ilinipata Ijumaa ya kawaida kabisa. Sikuwa na njaa wala msiba, na hotuba haikuwa ya kutisha. Imamu alikuwa akizungumzia usafi wa mitaro. Nilikuwa nikitazama feni ya darini. Ghafla moyo ulianza kwenda mbio kama wa mtu aliyefukuzwa. Vidole vikafa ganzi. Hewa ilikuwapo, niliiona kwa macho yangu ikipeperusha pazia la dirishani, lakini kifuani haikuingia. Nikajua nakufa. Sisemi nilidhani, nasema nilijua, kama ninavyolijua jina la baba yangu. Na pamoja na kujua hivyo, kilichonitesa zaidi kilikuwa aibu, kwamba nitafia pale mbele, juu ya zulia jipya, na hotuba itakatishwa kwa ajili yangu.

Nikageuza shingo. Nyuma yangu kulikuwa na magoti, na nyuma ya magoti magoti mengine, mpaka mlangoni, ambako jua lilikuwa limeangukia viatu vyetu. Sijawahi kuvitamani viatu vyangu kama siku ile.

Sikufa. Hotuba iliisha, nikasali kwa mwili ambao niliuhisi si wangu, na tulipotoa salamu ya mwisho jirani yangu alinipa mkono akasema, "Mzee, leo umetokwa na jasho. Mwenyezi Mungu akutakabalie." Alidhani ni unyenyekevu.

Nyumbani mke wangu alitoa hukumu kabla sijamaliza kueleza. "Presha hiyo." Katika mji huu kila kinachompata mtu aliyevuka makamo ni presha mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna anayejishughulisha kuthibitisha. Chumvi iliondolewa mezani siku hiyo hiyo. Nikaletewa maji ya majani ya mlonge, na kitunguu saumu kibichi cha kutafuna kabla ya chai. Mimi nami nikafanya kosa ambalo, nadhani, angelifanya mtu wa idara yangu peke yake. Nilikwenda duka la dawa nikanunua mashine ya kupimia.

Kazi yangu ilikuwa vipimo. Nilizunguka mkoa mzima na masanduku ya mawe ya mizani, Usoke wakati wa masoko ya tumbaku, Puge wakati wa mpunga, na maisha yangu yote niliamini kwamba kitu kikishapimwa hutulia. Mkulima na mnunuzi wanagombana; unaleta mawe yako, unapima, ugomvi umekwisha. Kwa hiyo nikajipima. Namba ikatoka nzuri. Nikaitilia shaka, kwa kuwa kipimo kimoja si ushahidi, nikarudia. Ya pili ikawa juu kidogo, nikashtuka. Ya tatu ikawa juu zaidi kwa sababu ya ule mshtuko. Nikawa najipima kabla ya kula na baada ya kula, kabla ya kuoga, na kila nisikiapo adhana, mpaka mkono ukaota alama ya mkanda wa ile mashine.

"Unaupima huo mkono kama gunia," alisema mke wangu.

Alikuwa sahihi, isipokuwa gunia halijui kwamba linapimwa.

Kisha dunia ikaanza kupungua. Kwanza nilibuni kuchelewa, ili nifike hotuba ikiwa imeanza na nisimame huku nyuma kwenye viatu. Hata huko hawakuniacha. Palikuwa na mkono kila mara, na kiwiko changu kila mara kilipatikana. Nikaanza kusali adhuhuri nyumbani siku ya Ijumaa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa na afya. Kisha nikaacha misiba, kwa sababu chini ya turubai wazee huwekwa viti vya mbele, wakiwa wamezungukwa. Kisha nikaacha basi la kwenda shambani kwangu Usoke, kwa sababu mzee hupewa kiti cha dirishani na kijana hukaa upande wa njia akiwa na mizigo mapajani. Naomba msomaji aone jambo hili kama nilivyoliona mimi: sikuwa nimefungwa na adui. Kila mlango uliofungwa mbele yangu ulifungwa kwa heshima, na mtu anayetabasamu, anayesema "shikamoo".

Ikabaki njia moja, ya kutoka kwangu hadi kwa fundi wa cherehani aliye mwisho wa mtaa. Mji ambao babu zangu walitoka ndani yake kwa miguu hadi pwani, wakarudi, kwangu mimi ulikuwa umebaki mtaa mmoja.

Fundi huyo ni mtani wangu. Yeye ni Mzaramo, ambaye babu yake alikuja huku na msafara akaoa asirudi tena kwao. Mimi ni Mnyamwezi. Utani wa makabila haya mawili ulizaliwa katika njia ile ya misafara, babu zetu walipobeba mizigo hadi kwao, wakalala kwao, wakaugua kwao, na wengine wakazikwa kwao. Mtani anaruhusiwa kusema lile ambalo akilisema mwingine urafiki umekufa, na anayetaniwa haruhusiwi kununa. Nilikuwa nakwenda kwake kila siku, kwa sababu duka lake halina mlango wa kujifunga. Ni kibaraza tu.

"Mnyamwezi!"

"Sema, Mzaramo."

"Adhana ya Ijumaa hiyo."

"Nimeisikia."

"Sasa mbona umekalia stuli yangu kama kuku anayeatamia?"

"Goti linauma."

"Goti!" Alisimamisha cherehani. "Babu yako alibeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa mpaka kwetu pwani. Wewe umeshindwa kubeba kanzu mpaka msikitini?"

"Na babu yako alikuwa wapi wakati huo?"

"Alikuwa anapiga ngoma ya kumpokea. Unadhani hiyo ni kazi nyepesi?"

Nilicheka. Naye akacheka, akaendelea kushona, kisha bila kuinua macho akasema, "Lakini mwenye goti bovu hashiki kifua."  Alifunika cherehani akaenda kusali, mimi nikabaki barabarani nikishikilia kifua changu kama alivyosema.

Huenda ningeendelea hivyo hadi mtaa wenyewe uwe chumba. Lakini binti yangu, ambaye ni mwalimu Puge, aliposwa na mwalimu mwenzake, posa ikakubaliwa, na nikaha ikapangwa kufungwa katika msikiti wetu baada ya sala ya alasiri. Mimi ndimi baba yake. Mimi ndimi walii wake, mwenye kumwozesha. Ilinipasa kukaa mbele, mkono wangu katika mkono wa bwana harusi, nizungumze.

Mdogo wangu alikuja na ufumbuzi. Ana tabia ya kuja na ufumbuzi kabla hajakaribishwa kukaa.

"Kaka, hili lisikupe taabu. Mpe imamu wakala, aozeshe kwa niaba yako. Wazazi wangapi wanafanya hivyo? Au nipe mimi."

"Mimi nimekufa?"

"Sijasema hivyo. Nasema sheria inaruhusu."

Najua inaruhusu. Nilikuwa mtumishi wa umma. Ruhusa nazifahamu, na nafahamu pia hutumiwa zaidi na watu wa aina gani. Hata hivyo sikumkatalia. Nilimwambia nitafikiri, na ilinichoma kwamba nilipotamka neno hilo kifua kilipata nafuu.

Binti alipokuja likizo alinikuta uani. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, akiuchambua.

"Baba, kila mtu ananiambia utatoa wakala."

"Nani kila mtu?"

"Baba mdogo."

"Baba yako mdogo ni mtu mmoja."

Hakucheka. "Siku hiyo mimi na mama tutakuwa ndani," alisema. "Hatutaona kitu. Tutasikia kwa spika ya msikiti tu. Nataka niisikie sauti yako. Sitaki ya imamu, na ya baba mdogo naisikia kila siku hata bila spika." Akatupa kijiwe alichokiokota kwenye mchele. "Kwani unaumwa nini hasa?"

"Presha."

"Mashine yako nimeitazama. Presha yako ni nzuri kuliko yangu."

Ndiye aliyenipeleka hospitali. Kwa kuwa hakuniambia tunamwona daktari gani, nilikisoma kibao mlangoni nikasimama.

"Binti, umekosea mlango. Hapa ni wagonjwa wa akili."

"Sijakosea, baba."

Daktari alikuwa mwanamke kutoka Bukoba, umri wake sawa na wa binti yangu. Aliniamkia vizuri, nikaitikia, na kisha nikamweleza, kwa utaratibu, kwamba akili zangu ni timamu. Kwamba nimewahi kufungia mizani ya mnunuzi wa tumbaku mbele ya watu wake walioshika fimbo, na mkono haukutetemeka. Na kwamba ningependa lililofanyika lirekodiwe kuwa ni makosa ya mapokezi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akapima moyo wangu kwa mitambo yake, akanituma maabara, na majibu yaliporudi akaniambia moyo ni mzima. Kinachonisumbua ni ugonjwa wa hofu: mwili unapiga king'ora cha hatari, damu inakwenda mbio, pumzi zinakatika, vidole vinakufa ganzi, na hatari yenyewe haipo.

"Unaniambia naigiza?"

"Hapana, mzee wangu. Hofu ni ya kweli. Jasho ni la kweli. Kisichokuwapo ni cha kuogopa."

Nikasema kwa hasira ambayo haikumhusu yeye, "Kwa maneno mengine mzani unasoma uzito na sahani ni tupu."

Alisema hajawahi kusikia ikielezwa hivyo, lakini ndiyo.

Mzani wa namna hiyo hautupwi. Hilo nilikuwa nalijua kuliko yeye. Unarekebishwa, na kuurekebisha kunahitaji subira. Aliniandikia dawa, akasema itachukua muda kuonyesha kazi yake. Mashine ya presha akaamuru akae nayo binti yangu. Kisha akanieleza jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko dawa. Hofu hupanda, alisema, hufika juu, kisha hushuka yenyewe, hata usipofanya lolote. Lakini kila unapoikimbia, mwili hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikouokoa, na safari ijayo hudai kukimbia mapema zaidi. Ndivyo nilivyopoteza msikiti, misiba na basi. Kilichotakiwa sasa ni kurudi kidogo kidogo, na kukaa.

"Ijumaa hii kaa karibu na mlango," alisema. "Ukizoea, sogea safu moja. Ukizoea hiyo, nyingine."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mzee."

"Sijakuelewa."

"Wataninyanyua wanipeleke mbele."

"Waambie hutaki."

Nilimtazama. Kumkatalia kijana aliyekushika kiwiko kwa heshima, mbele ya watu, ni kumtukana yeye na aliyemlea.

"Basi waambie unaumwa."

"Nikisema naumwa wataniletea kiti. Na kiti watakiweka mbele."

Alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa sijafanya mzaha.

Nilijaribu. Ijumaa ile nilifika mapema, msikiti ukiwa mtupu, nikaketi kwenye nguzo iliyo karibu na mlango nikidhani kwamba aliyekwisha kukaa hahamishwi. Walinihamisha. Hofu ikanijia katikati ya hotuba, nikakaa nayo hadi ikashuka, kama daktari alivyosema ingeshuka. Nilipomwarifu alifurahi, akasema nimefaulu. Nilimpinga na bado nampinga. Mtu aliyefungiwa ndani hawezi kusifiwa kwa kutotoka. Ijumaa iliyofuata sikwenda, na nikaha ilikuwa inakaribia.

Maneno yenyewe si mengi. Nilikuwa nikiyafanyia mazoezi bafuni, maji yakimwagika ili nisisikike: nimekuozesha binti yangu, kwa mahari mliyokubaliana. Bafuni niliyasema bila taabu. Nikifumba macho nikaiweka nyuma yangu ile safu ya magoti, yalikauka kabla ya kufika kwenye mahari.

Nilikwenda kwa Mzaramo kupimwa kanzu ya harusi. Alinizungushia utepe kifuani, na labda ni kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa mpimaji na si mpimwaji, nilijikuta nikisema.

"Nikikaa mbele nakufa."

Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuwa na la kunitania. Nilimweleza yote, pamoja na kibao cha hospitali. Aliusoma utepe, akautoa, akaukunja.

"Kwa hiyo shida yako ni mlango."

"Shida yangu ni safu."

"Vyote kimoja. Mnyamwezi, wewe siku hiyo njoo tu."

"Utafanya nini?"

"Nitashona kanzu. Mimi si fundi?"

Siku ikafika. Msikiti ulijaa hadi nje, kwa sababu wakwe walikuja kwa mabasi kutoka Nzega. Sala ya alasiri niliisali barazani. Ilipokwisha nikaviweka viatu vyangu kizingitini, nikavuka, na kabla sijanyoosha mgongo mikono ikanipata, miwili kila upande. "Baba mzazi huyo! Mzee, pita mbele!" Njia ikafunguka. Niliiona yote, hadi mwisho wake, bwana harusi akiwa amekaa kule mbele katika joho lake, na mto mtupu ulioandaliwa kwa ajili yangu. Nikahisi vidole vinaanza kufa ganzi.

"Huyu haendi popote!"

Mzaramo alikuwa amekaa kizingitini na viatu vyangu mapajani. Watu waligeuka.

"Jamani, ni nani hapa aliwahi kuona mpagazi anaingizwa sebuleni na mzigo wake? Mpagazi hukaa mlangoni. Babu yake alikaa mlangoni kwetu, na huyu atakaa hapa hapa, mbele ya macho yangu. Viatu nimeshavikamata. Akitaka kuozesha, aozeshe akiwa hapa!"

Kicheko kilianza kwa wenyeji, wanaoujua utani wetu, kikaenea hadi kwa wageni. Mdogo wangu hakucheka. "Wewe Mzaramo, leo ni siku ya heshima," alisema.

"Ndiyo maana nimevaa viatu vyangu na kushika vyake."

"Hii ni nyumba ya ibada," alisema imamu kutoka mbele, akijitahidi kutotabasamu.

"Nami nasema kwa sauti ndogo, shehe wangu." Hakuwa akisema kwa sauti ndogo.

Imamu alitazama mlangoni, akanitazama mimi, na sijui aliona nini usoni kwangu. Alisema kwamba nikaha inahitaji walii, mashahidi wasikie, na bwana harusi aitikie. Mahali pa kukaa hapajatajwa. "Mleteni bwana harusi." Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: ile njia ikafunguka tena, lakini safari hii ilielekea nyuma. Kijana akainuliwa, akapitishwa katikati ya watu kwa kushikwa viwiko, mashahidi nyuma yake, imamu nyuma ya mashahidi, na waya wa kipaza sauti ukivutwa juu ya vichwa. Wakaketi mbele yangu. Nyuma yangu palikuwa na mlango ulio wazi, jua, na mtani wangu aliyekumbatia viatu.

Wale wanaopenda simulizi zenye mwisho mwema wangetaka niandike kwamba nilitulia. Sikutulia. Nilipoushika mkono wa yule kijana, moyo ulifyatuka kama siku ile ya kwanza, kifua kikafunga, na sauti ya imamu ikawa inatoka mbali. Ndipo nilipong'amua lililonikasirisha kuliko yote ninayoyaeleza hapa. Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kuugusa bila kunyoosha mkono, hakuna aliyenizuia, na bado nilikuwa nimefungwa.

Nikaanza. "Nimekuozesha..." Sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye spika za nje, nyembamba, ya mtu nisiyemfahamu. "Nimekuozesha binti yangu..."

Nikakwama. Kimya kile kilikwenda mtaa mzima. Mdogo wangu aliinama sikioni. "Kaka, nipe mimi. Sema tu nimekupa wakala." Yalikuwa maneno machache kuliko yale yaliyobaki, na yangenitoa pale papo hapo. Mwili wangu wote uliyataka. Nilijua binti yangu anasikiliza kimya changu.

Sikuyasema. Wala sikusema mengine. Nilikaa tu, mkono wa kijana katika mkono wangu wenye jasho, nikiiacha hofu ipande inavyotaka. Alinishika kwa nguvu zaidi, alidhani nalia.

Nyuma yangu Mzaramo alinong'ona, na safari hii ilikuwa kweli sauti ndogo. "Mnyamwezi. Hapa ni karibu na pwani. Usiutue mzigo."

"...kwa mahari mliyokubaliana," nikasema.

"Nimekubali kumuoa," akasema kijana, upesi, kabla lolote halijaharibika.

Nilipofika nyumbani vigelegele vilikuwa vimeanza. Binti yangu alikuwa kitandani kwa mama yake, hina mikononi, hawezi kushika kitu.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Ulinyamaza katikati. Mama akaziba mdomo kwa kanga."

"Na wewe?"

"Mimi nilijiambia utamaliza."

"Ulijuaje?"

"Sikujua, baba. Nilikuwa naomba tu." Akanyoosha mikono yake yenye hina kunielekea, akakumbuka, akairudisha. Nikaketi pembeni yake. Mlango wa chumba ulikuwa umezibwa na wanawake, na nilikaa.

Sasa niweke kumbukumbu sawa. Wapo jamaa zangu wanaosema kwamba Mzaramo alinivunjia heshima siku ya harusi ya binti yangu, na mdogo wangu bado hapeleki nguo kwake. Hakunivunjia. Aliuvunja mlango wa heshima nikatoka, na hakuwepo mwingine mwenye haki ya kufanya hivyo. Wapo pia wanaosema nimepona. Sijapona. Dawa naendelea nazo, daktari naendelea kumwona, na basi la Usoke limenishinda hadi leo. Lakini mtani hawezi kukaa kizingitini kila Ijumaa na viatu vyangu, wala sioni sababu ya mzaha kuwa cheti changu cha ugonjwa. Ndiyo maana naandika.

Ijumaa iliyopita niliingia, nikasimama karibu na mlango. Mkono ukanipata kiwikoni. Alikuwa kijana nisiyemfahamu, mwenye adabu.

"Shikamoo. Mzee, pita mbele."

"Marahaba. Nina ugonjwa wa hofu," nilimwambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia ofisini, na watu wa safu mbili tatu walisikia. "Natibiwa hospitali. Nakaa hapa."

Alinitazama kwa mshangao, akaachia kiwiko, akaondoka haraka, nami nikaamini kwamba hatimaye nimeeleweka.

Alirudi na kiti. Nilimwonyesha pa kukiweka, pale pale, kando ya viatu.